Kardinali Sarah na Sheikh Farsy: Ibada ni Amana ya Nani?

Tarehe 20 Julai 1969, mjini Conakry, kijana wa miaka 24 aitwaye Robert Sarah alipewa daraja ya upadre. Mwaka huohuo, jijini Nairobi, ilitoka tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mmoja alikuja kuwa kardinali anayetajwa kila panapozungumzwa wahafidhina wa Kanisa Katoliki. Mwingine amebaki hadi leo kuwa sheikh ambaye kitabu chake kimo katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki. Nawaweka pamoja kwa sababu wote wawili walilishikilia jambo moja bila kulegeza: ibada hupokewa, haitungwi. Wakaanzia hapo, kisha njia zao zikaachana, na ni pale zinapoachana ndipo tunapoweza kumwelewa kardinali huyu vizuri zaidi.

Watu wengi humdhania Sarah kuwa mrithi wa ukatoliki mkongwe wa Ulaya. Sivyo. Alizaliwa Juni 1945 Ourous, kijiji cha kaskazini mwa Guinea, karibu na mpaka wa Senegal, katika jamii ya Wakoniagi ambayo wengi wake walikuwa bado katika dini ya mababu. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa kizazi cha kwanza. Wamisionari waliofungua misheni ya Ourous mwaka 1912 walikuwa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ndugu wa walewale waliojenga misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Sarah anasimulia jinsi watoto walivyokuwa wakikusanyika jioni penye msalaba mkubwa wa misheni, na jinsi alivyowaona mapadre wale wakisali kimya kanisani. Akiwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili alipelekwa seminari ndogo ya Bingerville, Côte d'Ivoire.

Kwa hiyo anachokilinda alikipokea utotoni kutoka mikononi mwa watu aliowaona kwa macho. Anayerithi dini ya vizazi ishirini anaweza kuichezea kidogo, kwa kuwa hana hofu kwamba itapotea. Mtoto wa mwongofu anajua bei iliyolipwa na baba yake. Nadhani hapa ndipo chimbuko la ukali wa Sarah lilipo, kuliko katika nadharia yoyote ya kiteolojia.

Yakaja mateso. Rais Sékou Touré wa Guinea aliwafukuza wamisionari wa kigeni mwaka 1967. Askofu Mkuu wa Conakry, Raymond-Marie Tchidimbo, alikamatwa Desemba 1970 na kufungwa Camp Boiro, gereza lililowala watu wengi wa Guinea, hadi Agosti 1979. Aliyewekwa kukalia kiti chake ni Sarah, mwenye miaka 34, askofu mdogo kuliko wote duniani wakati ule. Miaka ile alikuwa akijitenga kila baada ya miezi miwili, siku tatu, mahali pasipo na mtu, bila chakula wala maji, akiwa na Biblia na vifaa vya Misa. Touré alipofariki mwaka 1984, Sarah anasimulia, jina lake lilikutwa juu kabisa katika orodha ya watu waliokuwa wauawe. Mtu aliyeongoza jimbo kuu kwa namna hiyo hawezi kuona kimya cha ibada kuwa pambo. Kimya ndicho kilichomshika asianguke.

Yohane Paulo II alimwita Roma mwaka 2001, Benedikto XVI akamfanya kardinali mwaka 2010, na Novemba 2014 Papa Fransisko akamkabidhi idara inayosimamia ibada na sakramenti. Hapo mgongano ulianza polepole. Desemba 2014 Fransisko aliagiza wanawake nao waweze kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Amri yenye sahihi ya Sarah ilitangazwa Januari 2016, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Julai 2016, London, Sarah aliwahimiza mapadre waanze Majilio ya mwaka ule kuadhimisha Ekaristi wakielekea upande mmoja na waamini, kuelekea mashariki. Siku chache tu baadaye Vatikano ikatamka kwamba hakuna maagizo mapya.

Pendekezo lile lilizua kelele Ulaya na Marekani kana kwamba padre ametakiwa kuwasusia watu. Kwa Mswahili halina ajabu. Imamu husimama mbele ya maamuma akiwa amewapa mgongo, wote wakielekea kibla, na hakuna anayejiona ametupwa. Ukifika wakati wa hotuba anageuka kuwatazama. Sarah naye alitaka masomo yasomwe padre akiwatazama watu, kisha kuanzia matoleo wote waelekee kule Bwana anakotarajiwa kurudi. Wakopti na Waorthodoksi wa Ethiopia hawajawahi kuacha kusali hivyo. Katika hili mila nyingine zinamuunga mkono kuliko nusu ya Wakatoliki wenzake.

Ninapomkatalia ni kwenye kimya chenyewe. Kitabu chake kuhusu kimya, kilichotoka mwaka 2016, kina mazungumzo na mkuu wa watawa wa Grande Chartreuse, monasteri ya milimani Ufaransa ambako watawa hawazungumzi ila kwa nadra. Anaonya dhidi ya ibada kugeuka maonyesho, na onyo hilo ni la haki. Sote tumeona kwaya zinazoimba kama zinashindana. Lakini ingia parokia yoyote ya Tanzania Jumapili, usikie ngoma na kayamba, na mama mmoja akipiga kigelegele wakati wa wimbo wa Utukufu. Mama huyo haonyeshi kitu kwa mtu. Anafanya alichofundishwa kufanya mbele ya jambo kubwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambapo Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alikuwa mbele katika umoja wa maaskofu wa Afrika, ulifungua mlango huo, na walioupitia hawakuingia kucheza. Sarah anajua haya, ila kipimo chake cha heshima amekichukua mlimani kwa watawa wale.

Sasa mtazame Farsy. Yeye pia alisema mtu hana ruhusa ya kuzidisha katika ibada. Alipoandika vijitabu vyake kuhusu bidaa, yaani uzushi katika dini, alizigusa desturi zilizozoeleka pwani nzima, hasa zilizozunguka maziko na maulidi. Wapinzani wake walimwita Wahabi. Kwa Sarah, kuhifadhi ni kubaki na kile ambacho mkono uliotangulia ulikukabidhi. Kwa Farsy, kuhifadhi kulimaanisha kuupima mkono huo kwa Kitabu na Sunna, na kukata kilichozidi. Wote wawili tunawaita wahafidhina, ilhali mmoja anakumbatia urithi na mwingine anaupogoa.

Na bado Farsy hakuwa mkata mizizi. Mwaka 1972 alitoa kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, akiwataja kwa heshima kina Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, nani alisoma kwa nani. Mnyororo wa walimu aliutunza barabara, hata pale alipozikataa baadhi ya desturi zilizoota pembeni yake.

Tofauti kubwa iko kwenye mamlaka. Farsy hakuwa na Papa. Kurani ilikuwa imeshatafsiriwa kwa Kiswahili na Godfrey Dale, padre wa Kianglikana, mwaka 1923, kisha na Waahmadiya mwaka 1953. Farsy hakungoja idhini ya kiti chochote. Aliketi akaandika tafsiri ya Kisunni, na hoja zake zikapimwa misikitini na barazani. Asiyekubaliana naye aliandika chake.

Sarah alifungwa na kitu kilekile alichokilinda. Septemba 2017 Fransisko aliyapa mabaraza ya maaskofu nguvu zaidi ya kutafsiri vitabu vya ibada. Sarah aliandika ufafanuzi uliorudisha neno la mwisho Roma, na Oktoba Papa akamsahihisha kwa barua ya wazi. Januari 2020 kikaja kitabu cha kutetea useja wa mapadre kilichobeba jina la Benedikto XVI pamoja na lake. Upande wa Benedikto ukaomba jina lake liondolewe kwenye jalada. Yakawa mabishano ya aibu, na mambo mazito yaliyokuwa ndani ya kitabu yakasahaulika. Februari 2021 kujiuzulu kwake kulikubaliwa. Katika yote hayo hakuasi. Mtu anayeamini kwamba ibada inapokelewa kupitia Papa hana pa kukatia rufaa Papa anapomkatalia.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Desemba 2023 Roma iliruhusu baraka kwa watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Mabaraza mengi ya maaskofu barani Afrika yalikataa, na Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa akatoa tamko la pamoja kwa niaba yao. Sarah, akiwa amestaafu, alijitokeza kuwaunga mkono maaskofu hao. Mabaraza yaleyale ambayo mwaka 2017 alitaka yasipewe neno la mwisho hata juu ya tafsiri ya misale, sasa yalikuwa ndiyo ngome yake dhidi ya hati iliyotoka Roma kwa idhini ya Papa.