Mzigo wa Binamu: Jinsi Nairobi Half Life Inavyojitambulisha Kuwa Filamu ya Uhalifu

Wanaofundisha uandishi wa miswada ya filamu wana kanuni moja waipendayo: hadithi ya uhalifu ifunguke kwa maiti, au walau kwa mlio wa risasi, ili hadhira ijue mapema imeitiwa nini. Ukiishika kanuni hiyo, Nairobi Half Life ya David “Tosh” Gitonga (2012) inakuwa kitendawili. Filamu hii, ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar, inatupokea kwa kicheko. Mwas, kijana wa mashambani, anauza filamu za mapigano za kigeni, naye huwaigiza mashujaa wake kwa mbwembwe ili wateja watoe pesa. Hajafa mtu, wala hajaibiwa. Hata hivyo, kabla Mwas hajafika Nairobi, mtazamaji ameshaanza kumhofia. Hofu hiyo imetoka wapi?

Kuhusu tofauti ya msingi kati ya aina za hadithi za uhalifu hakuna ugomvi. Mwananadharia wa fasihi Tzvetan Todorov alionyesha mwaka 1966 kwamba hadithi ya upelelezi hurudi nyuma kufukua kosa lililokwisha kutendeka, ilhali ile ya taharuki hutazama mbele. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) ni ya aina ya kwanza: mpelelezi wake, Bwana Msa, anaihitaji maiti kama mganga anavyomhitaji mgonjwa. Kosa la walimu wetu ni kuichukua kanuni ya Bwana Msa na kumvisha Mwas. Mwananadharia wa filamu Rick Altman naye, mwaka 1984, alitofautisha msamiati wa utanzu na sarufi yake. Bunduki, maiti na polisi ni msamiati tu. Swali langu ni la sarufi: nani anafungwa na nani, na kwa kitu gani?

Jibu limo ndani ya mzigo. Mwas anapoaga, binamu yake, mtu ambaye riziki yake haina maelezo mazuri, anampa redio ya bei kubwa na pesa azifikishe kwenye duka moja katikati ya jiji. Mtazamaji mgeni anaweza kuliona tukio hili kama njia tu ya kumtoa shujaa kijijini. Mtazamaji wa hapa halioni hivyo. Sisi tuliolelewa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, tukishuka matatu za Ngong Road kila siku, tunajua maana ya kuvuka mjini na kitu cha mwenyewe mkononi: unatembea ukikikumbatia, hutazami maghorofa, na ukiulizwa saa husimami. Cha mtu ni amana. Kikipotea, kuhurumiwa hakukuondolei deni. Na hapa mwenye amana si mtu wa kupelekewa pole. Kwa hiyo uhalifu umeshaingia katika hadithi kabla ya wezi kutokea, nao umeingia kwa sura ya undugu. Wezi wanapomvua Mwas kila kitu siku ileile anayofika, na muda si mrefu akajikuta mahabusu ambako anakutana na Oti, kiongozi wa genge, wanatimiza tu ahadi iliyokwisha kutolewa.

Hapo ndipo na kile kicheko cha mwanzo kinapopata kazi. Filamu anazouza Mwas humhakikishia mnunuzi kwamba mtu mmoja jasiri anatosha kuwashinda wengi. Gitonga anautaja utanzu wake kwa kinywa cha mchuuzi, kisha anauonyesha usivyofaa mara tu basi linapofika mwisho wa safari. (Joseph Wairimu, anayemwigiza Mwas na aliyetuzwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban mwaka 2012, anaigiza hapa mtu anayeigiza vibaya kwa raha, kazi ngumu kuliko inavyoonekana.)

Itasemwa kwamba ninachokisifu ni wizi tu. Sivyo. Soul Boy ya Hawa Essuman (2010), iliyotengenezwa Kibera, jirani zetu kabisa, chini ya mradi wa One Fine Day Films uliotoa pia Nairobi Half Life, nayo inaanza kwa kuibiwa: Abi anamkuta baba yake akidai roho yake imechukuliwa. Mbona hatuiiti filamu ya uhalifu? Kwa sababu kilichopotea ni cha nyumbani, na kinaweza kurudishwa kwa kutimiza majukumu saba, kama katika ngano. Redio ya binamu hairudi kwa kutimiza majukumu. Hulipwa, na kijana asiye na kazi hana namna nyingi za kulipa.

Pingamizi zito zaidi ni la mwananadharia mwingine wa filamu, Steve Neale, anayesisitiza kwamba hadhira huujua utanzu kupitia mabango na matangazo kabla ya kuketi. Ni kweli bango hutangaza. Lakini bango haliwezi kunifanya nimwogopee mtu ambaye sijamjua, na mwenye kutazama nakala isiyo na jalada, kama zile anazouza Mwas mwenyewe, hana bango lolote.

Filamu moja haitoshi kuweka sheria. Ila nadiriki kusema kwamba taharuki ya Nairobi, tangu vijana wenye vyeti visivyo na kazi katika Kill Me Quick ya Meja Mwangi (1973), hujengwa zaidi juu ya kudaiwa kuliko juu ya kuuawa. Walimu wa miswada wawaonyeshe wanafunzi wao dakika hizo za kwanza bila kuwatajia jina la filamu, kisha wawaulize: nani hapa ameshaingia deni, na ni la nani?