KADI ILIKUJA KWA POSTA: HISTORIA YA VIJANA NA DENI LA KADI YA MKOPO

Septemba 18, 1958. Mji wa Fresno, California, Marekani. Watu wanafungua masanduku yao ya barua kama kawaida, wakitegemea bili ya umeme na barua ya shangazi, wanakutana na bahasha ya benki. Ndani kuna kadi yenye jina la mwenye nyumba. Hakuna aliyeiomba. Hakuna aliyejaza fomu. Ni kama mtu amekuja usiku kakuachia pochi mlangoni halafu kasepa.

Kadi 60,000 zilimwagwa kwenye mji huo mmoja. Kila kadi ilikuja na uwezo wa kununua vitu vya dola 300 mpaka 500, na kwa wakati ule hiyo si hela ya kubeza. Ukinunua leo, unalipa mwisho wa mwezi. Ukishindwa kulipa yote, hakuna anayekugombeza: unalipa kidogo, kinachobaki kinasogea mwezi unaofuata na riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Basi. Biashara nzima ipo kwenye hayo maneno mawili, "lipa kidogo".

Kwa nini Fresno? Jamaa wa benki aliyebuni mpango huu alipiga hesabu zake vizuri. Mji ulikuwa wa ukubwa wa kati, na karibu nusu ya familia zake tayari zilikuwa na akaunti kwenye benki hiyo. Mchongo ukibuma, aibu inabaki hukohuko. Na kwa nini kadi zitumwe bila kuombwa? Hapo ndipo akili ilipo. Mwenye duka hawezi kukubali kadi kama hakuna mteja mwenye nayo, na mteja hawezi kuitaka kama hakuna duka linaloipokea. Sasa nani aanze? Jamaa akaamua kuwapa wateja wote siku moja, maduka yafuate yenyewe.

Ikumbukwe kadi zenyewe zilikuwepo kabla. Mwaka 1950 kule New York ilianza Diners Club, kadi ya watu wa kula hotelini. Kuna stori maarufu kwamba mwanzilishi wake alisahau pochi siku alipokwenda kula na wageni, akaaibika, ndiyo akapata wazo. Stori tamu, ila inasemekana ilitiwa chumvi na mtu wao wa matangazo. Tofauti kubwa ni hii: kadi ile ulitakiwa uilipe yote kila mwezi. Ilikuwa ya wafanyabiashara wenye hela zao. Kadi ya Fresno ilikuwa ya mtu wa kawaida, na ilimruhusu kubaki na deni.

Matokeo ya mwanzo? Maumivu. Benki ilitegemea asilimia 4 tu ya wateja ndio wangechelewesha malipo. Walichelewesha asilimia 22. Wezi nao walichangamkia fursa. Hasara ikafika mamilioni ya dola, na yule jamaa akaachia ngazi mwishoni mwa 1959. Lakini benki haikuifuta kadi. Ilitulia, ikaweka utaratibu wa kufuatilia wadaiwa, na miaka michache baadaye ikaanza kula faida kimya kimya ili wapinzani wasishtuke. Mwaka 1976 kadi hiyo ikabadilishwa jina ikaitwa Visa. Ndiyo, hiyohiyo iliyochorwa kwenye kadi za benki mfukoni mwa watu leo.

Wapinzani waliposhtuka, walishtuka vibaya. Mwaka 1966 benki za Chicago zilimwaga kadi karibu milioni 5 kabla ya Krismasi. Kila benki ilitaka iwahi, hakuna aliyekagua majina. Zilifika kwa watoto wachanga, kwa marehemu, unaambiwa mpaka mbwa walipata. Kuna familia zilipokea kadi zaidi ya 10 nyumba moja. Nyingine ziliibwa njiani, na mtu akaletewa bili ya vitu ambavyo hajawahi kuviona. Mwaka 1970 bunge la Marekani likasema imetosha: marufuku kumtumia mtu kadi ambayo hajaomba, na kadi ikiibwa mwenye nayo asibebeshwe zaidi ya dola 50.

Mpaka hapo vijana walikuwa hawamo sana kwenye mchezo. Kwa kawaida mwanafunzi asiye na kazi alikuwa hapewi kadi bila mzazi kusaini. Hata mwanamke mtu mzima mwenye mshahara wake aliweza kuambiwa alete saini ya mume, mpaka sheria ya mwaka 1974 ilipokataza kumbagua mtu kwenye mikopo kwa sababu ya jinsia au ndoa.

Kilichofungua geti kwa vijana hakikuanzia chuoni. Kilianzia mahakamani. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa kwenye jimbo ambako benki ina makao yake. Ukisoma haraka unaona ni mambo ya mawakili tu. Sasa angalia. Miaka hiyo mfumuko wa bei ulikuwa juu, benki zilikuwa zinatafuta hela sokoni kwa riba kubwa kuliko ile ziliyoruhusiwa kuwatoza wateja. Citibank ilikuwa New York, ambako sheria ilibana riba. Jimbo dogo la South Dakota, lenye wakulima na baridi kali na shida ya ajira, likafuta kikomo cha riba mwaka 1980. Mwaka 1981 Citibank ikahamishia kazi zake za kadi kule Sioux Falls. Delaware nayo ikaiga. Tangu hapo kikomo cha riba cha jimbo unaloishi wewe kikawa pambo. Mwaka 1996 mahakama hiyohiyo ikasema faini za kuchelewa nazo zihesabike kama riba, kwa hiyo nazo zikatoka kifungoni.

Ukiweza kutoza unachotaka, mtu anayelipa yote kila mwezi hana faida sana kwako. Unamtaka anayebaki na deni. Na nani anabaki na deni kirahisi kuliko kijana wa miaka 18 aliyetoka kwao wiki iliyopita, hajawahi kulipa kodi ya chumba, na nyuma yake kuna mzazi ambaye hatakubali mwanaye aaibike?

Hapo akaja mtu mwingine, mshauri wa mabenki. Huyu mtaalamu wa hesabu anatajwa kuwa ndiye aliyezishawishi benki zishushe kiwango cha chini cha malipo ya mwezi kutoka asilimia 5 ya deni hadi asilimia 2. Inasikika kama huruma. Hebu chukua deni la dola 3,000 kwa riba ya asilimia 18. Riba ya mwezi mmoja ni dola 45. Zamani ulilazimika kulipa angalau dola 150, kwa hiyo dola 105 zilikata deni lenyewe. Kwa asilimia 2 unalipa dola 60. Ondoa 45 za riba: umepunguza deni kwa dola 15. Umetoa hela, umejisikia muungwana, deni halijatikisika. Huo ndio mtego, na uliwekwa kwa kalamu tu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 benki zikahamia vyuoni. Wiki ya kwanza ya masomo, pale wanafunzi wapya wanapozunguka na ramani hawajui bweni liko wapi, meza zilikuwa zimeshapangwa. Jaza fomu upewe fulana. Jaza fomu upewe pizza. Kitonga! Aliyekaa mezani mara nyingi alikuwa mwanafunzi mwenzao anayelipwa kwa kila fomu, kwa hiyo hata wasiwasi huna, ni mshkaji tu. Na vyuo vyenyewe havikuwa watazamaji. Vyuo na vyama vya wahitimu vilisaini mikataba na benki ili nembo ya chuo ichapwe kwenye kadi, na majina ya wanafunzi na wahitimu yakawa mali. Kwa mwaka 2009 peke yake, benki zililipa vyuo na vyama hivyo zaidi ya dola milioni 83. Mzazi anadhani kampeleka mtoto shule, kumbe kuna sehemu jina lake limeshauzwa.

Kwa wengi ilikuwa stori ya kawaida: nguo, bia, tiketi ya ndege ya kwenda kula bata likizo, halafu miaka mitano ya kulipia viatu vilivyokwisha chakaa. Lakini si wote walitoka salama. Mwishoni mwa miaka ya 1990, jimbo la Oklahoma, wanafunzi wawili wa vyuo tofauti walijitoa uhai wakiwa na madeni ya kadi. Binti alikuwa na miaka 18, ndiyo kwanza yuko mwaka wa kwanza. Kijana alikuwa kichwa darasani, na alikuwa amepewa kadi 12 huku kazi yake ikiwa ya kima cha chini. Hakuna awezaye kusema deni ndilo lilikuwa sababu pekee. Ila madeni yalikuwepo, na mama zao waliachwa na maswali. Madeni yale hayakuwa makubwa kiasi cha kushinda familia kukaa chini na kupanga.  Wale mama wawili hawakunyamaza. Walizunguka wakitoa ushuhuda kwa miaka, na filamu ya Maxed Out ya mwaka 2006 ikawapa jukwaa.

Sheria ilikuja Mei 2009, baada ya uchumi wa Marekani kuanguka na kila mtu kuichukia benki. Obama alisaini. Kwa aliye chini ya miaka 21, hakuna kadi bila kuonyesha kipato chako mwenyewe au kuleta mdhamini. Zawadi za kumshawishi mwanafunzi ajaze fomu ya kadi chuoni zikapigwa marufuku. Na kuna kitu kidogo kwenye sheria ile ambacho hakizungumzwi sana lakini pengine ndicho kilichosaidia wengi: kila taarifa ya mwezi lazima iwe na kisanduku kinachosema, ukilipa kiwango cha chini tu utamaliza baada ya miaka mingapi, na ukitaka umalize ndani ya miezi 36 ulipe kiasi gani.

Rudi kwenye ile dola 3,000. Ukilipa dola 60 kila mwezi bila kupunguza, utamaliza baada ya miaka karibu minane na utakuwa umetoa jumla ya kama dola 5,590. Ukilipa 109, miezi 36 imeisha. Ukilipa 150, miaka miwili, jumla kama dola 3,600. Ukilipa 45 hutamaliza milele. Kijana aliyeona hesabu hiyo imechapwa kwenye bili yake hakuhitaji semina.

Na walilipaje? Njia ni mbili. Ya kwanza: unalipa kiwango cha chini kote, hela ya ziada yote unaipeleka kwenye kadi yenye riba kubwa. Kihesabu hii ndiyo inaokoa zaidi. Ya pili: unaanza na deni dogo, unalifunga, unahamia linalofuata. Wataalamu wa hesabu waliicheka hii ya pili. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliangalia watu waliokuwa kwenye mpango wa kumaliza madeni, wakakuta waliofunga akaunti moja moja ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kufika mwisho. Binadamu anataka aone kitu kimekufa.

Kulikuwa na dada mmoja wa Michigan, miaka 29, ambaye hakuwahi kuwaambia ndugu wala marafiki kuhusu hela zake kwa sababu ya aibu. Akaanza kuandika mtandaoni kwa jina lisilo kamili. Kila mwezi anaweka deni lote hadharani, mpaka senti. Lilikuwa limefika zaidi ya dola 37,000. Mwaka 2007, gazeti la New York Times lilipoandika habari zake, lilikuwa limeshuka hadi kama 22,000. Watu asiowajua walimpongeza, na akinunua kitu cha kijinga walimsema. Jirani yake hakujua chochote.

Huku kwetu kadi ya mkopo haikushika sana, ikaja simu. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, ada asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiuzungusha mwezi kwa mwezi, mwaka mzima hiyo ni asilimia 90. Fresno ilikuwa 18. Tanzania ikaja M-Pawa mwaka 2014, halafu aplikesheni zikamiminika, zile za kukopesha elfu thelathini kisha zinampigia mama mkwe wako, bosi wako na fundi wako wa nguo kuwaambia unadaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa 69 ya kukopesha yasiyo na leseni. Mtaani jina lilishapatikana kitambo: kausha damu. Dada wa Michigan alificha deni kwa aibu. Huku kuna mtu alikaa akaona aibu yenyewe inaweza kuwa njia ya kukusanya marejesho.

Wadau, nani ameshawahi kulipa deni la kadi au la simu mpaka likaisha? Ulianza na kubwa au dogo, na nyumbani walijua? Funguka hapo chini, jina si lazima.