Matairi ya Masika

Baba yangu hakuwahi kumiliki gari. Alikuwa na jembe, ng'ombe kadhaa, baiskeli moja na jozi ya makatambuga. Ndugu msomaji ambaye hukukulia Usukumani, makatambuga ni viatu vinavyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu la gari, vikafungwa mikanda ya mpira na kupigiliwa misumari midogo. Jina lake linaeleza kazi yake: ni viatu vya kukata mbuga. Tairi likishashindwa kubeba lori, mkulima alilivaa miguuni akaendelea na safari.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu mwaka huu mwanangu amenunua gari la familia, la magurudumu manne yanayovuta, naye ameniuliza avalishe matairi gani kabla mvua hazijaanza. Nilimwambia anipe siku mbili. Alicheka, maana alidhani swali lile lilitaka jibu la dakika moja. Hakujua kwamba kwangu swali hilo lina umri wa miaka 40 na zaidi.

Tuanze na ardhi yenyewe. Wasukuma waliipa kila aina ya udongo jina lake muda mrefu kabla wataalamu wa kilimo hawajafika na vipimo vyao. Kule juu, penye mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga unaonywa maji upesi. Chini yake kuna itogolo, udongo mgumu ambao maji hubaki juu yake. Bondeni ndiko iliko mbuga yenyewe, udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha huvimba, hushikamana, na hugeuka kuwa gundi. Shinyanga haina mvua nyingi kuliko mikoa mingine, tena ni mkoa wa ukame. Lakini mvua kidogo tu juu ya mbuga yatosha kuligeuza lori kuwa jengo. Ukienda upande wa Geita mvua huongezeka na vilima huwa na udongo mwekundu. Hapo gari halizami sana, bali huteleza.

Ardhi hiyo ndiyo iliyopanga ratiba ya maisha yetu. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na tangu hapo tulikuwa na njia moja ya uhakika masika na kiangazi. Pamba, kwa bahati njema, huvunwa na kununuliwa mvua zikishakatika, kwa hiyo malori ya ushirika yalizunguka vijijini njia zikiwa kavu. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui. Huko Geita dhahabu ilichimbwa kwa mitambo tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Palipokuwa na madini palimwagwa changarawe na tuta la barabara likainuliwa. Pasipokuwa na madini watu walingoja jua. Ugonjwa tu ndio usiongoja jua.

Taifa letu lilijaribu kujitengenezea tairi lake. Kiwanda cha General Tyre kilianzishwa Arusha mwaka 1969, Serikali ikishirikiana na kampuni ya Kimarekani. Sisi walimu vijana tulikitaja darasani kwa fahari. Lakini kiwanda cha tairi hakili upepo. Kinahitaji malighafi kutoka nje, na malighafi hununuliwa kwa fedha za kigeni. Baada ya mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ikafuata vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na mafuta yakapanda bei, fedha hizo zilikauka. Tairi likawa kitu cha kibali. Mtu aliandika barua, akapigiwa mhuri, akasubiri.

Desemba 1983 baba aliugua tumbo kijijini kwetu, upande wa Kishapu. Nilipata Land Rover ya ofisi moja ya umma baada ya kuomba sana. Matairi yake ya nyuma yalikuwa vipara kabisa, laini kama kiganja. Dereva, mtu mwema, aliniambia tangu Saba Saba walikuwa wameomba mapya. Tuliondoka saa tisa alasiri, baba akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma. Mvua ilitukuta bondeni. Tulisukuma, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, tukachimba kwa mikono. Matairi yalizunguka tu yakitupaka matope, bila kushika kitu. Usiku uliingia. Baba, ambaye hakupenda kelele, aliniambia, "Mwanangu, mwache dereva apumzike. Kukicha mtatafuta ng'ombe." Alfajiri, kabla ng'ombe wa kutuvuta hawajafika, alifariki.

Sikuwahi kusema kwamba tairi ndilo lililomwua. Pengine hata hospitalini asingepona. Lakini tulipomshusha alikuwa amevaa makatambuga yake, na nilipoyatazama niliona kwamba mikato ya lile tairi la zamani ilikuwa bado mirefu kuliko ya matairi ya Land Rover. Jambo hilo sijaweza kulisahau.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za nje kuagiza bidhaa, na baadaye milango ikafunguka zaidi. Tairi lilipatikana tena, na gari pia. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika yalianza kumiminika kutoka Japani. Kiwanda cha Arusha kilishindwa kushindana, na kufikia mwaka 2009 kilikuwa kimesimama. Hivyo tulitoka katika kukosa tairi tukaingia katika wingi wa matairi tusiyoyajua.

Na mimi nikaangukia humo. Mwaka 2011, nikikaribia kustaafu, nilinunua RAV4 iliyotoka Japani. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alinisifia matairi: kashata zake zilikuwa ndefu, mpira laini, karibu mapya. "Haya ni ya utelezi, Mzee," alisema. Ubavuni palikuwa na neno STUDLESS. Nilifundisha Kiingereza miaka mingi, lakini neno lile halikuniambia kitu, nami niliona haya kuuliza.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata tulikwenda Geita msibani, mimi, mke wangu na mjukuu wetu wa miaka minne. Tulishika njia ya Kahama na Kakola, ambayo wakati ule ilikuwa ya udongo. Kwenye mteremko mmoja mwekundu, mvua ikiwa imetoka kunyesha, gari liliacha kunisikiliza. Nilikata usukani kushoto, lenyewe likaenda kulia, likatua mtaroni limeinama. Hakuna aliyeumia. Lakini mjukuu alipolia kiti cha nyuma, mimi nilisikia Desemba 1983.

Fundi tairi mmoja pale mjini Shinyanga ndiye aliyenifungua macho. Alisugua ubavu wa tairi kwa kitambaa, akasoma, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "gari lako umelivalisha koti la baridi. Haya ni matairi ya theluji."

Nilichunguza baadaye nikakuta ni kweli. Kaskazini mwa Japani madereva walikuwa wakitumia matairi yenye misumari ya chuma ili yashike barafu. Misumari ile ilisaga lami ikawa vumbi, watu wakavuta vumbi hilo mijini, mpaka sheria ya mwaka 1990 ikaanza kuyakomesha. Mahali pake wakatumia matairi yasiyo na misumari, na ndiyo maana ya neno lile lililonishinda. Mpira wake hubaki laini hata baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7, na uso wake una mikato mingi myembamba kama ya wembe. Kule huokoa maisha. Hapa kwetu lami ya adhuhuri huula mpira ule kama sabuni, na udongo wa mfinyanzi huziba mikato ile ukabaki ubao mlaini unaoteleza. Tairi lile halikuwa bovu. Lilikuwa ugenini, na aliyelileta hakuuliza linakwenda kwa nani.

Basi jibu langu kwa mwanangu ni hili, nami nimemwandikia kwenye karatasi. Kwanza, asome ubavu wa tairi. Palipoandikwa 215/70R16, upana ni milimita 215, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Asikubali kubadilishiwa rimu kubwa zinazong'aa zenye tairi jembamba kimo. Ubavu mfupi hauna cha kupunguza kishindo, na shimo moja laweza kupasua tairi na kupinda rimu pamoja. Pili, atafute tarakimu 4 za tarehe: 2308 ni wiki ya 23 ya mwaka 2008. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Tatu, kwa njia zetu achague tairi la lami na udongo, lenye kashata zilizoachana kiasi, ili gurudumu likizunguka liyateme matope. Nne, akiingia kwenye matope apunguze upepo kidogo, na asisahau kuujaza kabla ya kukimbia kwenye lami. Tairi la tano, la akiba, liwe zima kama yale manne.

Aliposoma alisema, "Baba, siku hizi barabara ni lami." Ni kweli kwa sehemu kubwa. Tena tangu Juni 2025 mtu huvuka kutoka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja, wala hangoji kivuko. Mimi sikumwekea dereva wangu wa 1983 kosa, wala siuonei wivu wakati huu. Lakini lami huishia mahali. Huishia kwenye njia panda ya kwenda kwa bibi, kwenye kijiji chenye mgonjwa, kwenye shamba lenye msiba. Pale inapoishia bado kuna mbuga ileile, nyeusi, ikingoja mvua.

Nilimwonyesha makatambuga ya babu yake, ambayo nimeyahifadhi. Aliyageuza akatazama nyayo zake kwa muda mrefu, kisha akapitisha kidole gumba ndani ya mkato mmoja kupima kina. Siku ya pili alikwenda kwa fundi na ile karatasi mfukoni.