Zumari ya Unguja Katika Mwambao wa Mweru: Maana na Mipaka ya Msemo
Msemo “Ipigwapo zumari Unguja, hucheza watu wa maziwa makuu” hufasiriwa kuwa ni ushahidi wa nguvu za Zanzibar barani katika karne ya 19. Makala haya yanaupima msemo huo katika Ziwa Mweru, penye Puta na Nchelenge za leo. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilifika huko. Hata hivyo, Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, Novemba 1867, alimkuta mfanyabiashara Mohamed bin Saleh amezuiliwa kwa miaka mingi. Zumari ilisikika Mweru, lakini ruhusa ya kucheza ilitoka kwa Mwata. Msemo huu, basi, unaeleza jinsi Unguja ilivyojiona, si jinsi Mweru ilivyotawaliwa.