Kusaka hadithi zilizopotea kwenye magazeti ya kale

Mwandishi ukimpenda, vitabu vyake havikutoshi. Wataka na vile vipande alivyoviandika magazetini kabla jina lake halijavuma. Taabu ni kuwa gazeti huishi wiki moja. Baada ya hapo ni karatasi ya kufungia kashata. Ndipo hadithi hupotea, hali mwenyewe yuajulikana dunia nzima.

Mfano mzuri ni Louisa May Alcott wa Marekani (1832–1888), aliyepata sifa kwa Little Women, kitabu cha ndugu wanne wa kike kilichotoka 1868. Watu walimjua kuwa bibi wa hadithi safi za watoto. Kumbe kabla ya hapo, kwao kukiwa na dhiki, aliyauzia magazeti ya wiki hadithi za visasi, hila na mapenzi ya hatari. Moja ilishinda zawadi ya dola 100 na kuchapwa 1863 bila jina lake. Nyingine zilitoka katika The Flag of Our Union, gazeti la Boston, zikiwa na jina la bandia: A. M. Barnard.

Waliofumbua siri hiyo ni marafiki wawili, Leona Rostenberg na Madeleine Stern. Dalili ilikuwamo ndani ya Little Women yenyewe: Jo, mmoja wa wale ndugu, huuza gazetini hadithi za namna hiyo hiyo bila kutia jina lake. Kisha, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard, Rostenberg akakuta barua ambazo mchapishaji wa gazeti la Boston alimwandikia Alcott, zikitaja hadithi na lile jina la bandia. Alitangaza habari hiyo 1943. Hata hivyo, msomaji wa kawaida alingoja hadi 1975, Stern alipozikusanya hadithi nne katika kitabu Behind a Mask.

Basi nawe ukitaka kumsaka mwandishi wako, usianze kwa kufunua magazeti moja moja. Anza na barua zake, shajara yake na hesabu za malipo. Uliza alitumia majina gani mengine. Ukishapata jina la gazeti na mwaka, nenda maktaba uulize majalada ya mwaka huo. Ukiipata hadithi, ipige picha nzima, uandike tarehe, toleo na ukurasa, ili atakayekuja nyuma yako asianze upya.

Kwetu Pwani kazi hii ina haraka zaidi, kwa kuwa joto, chumvi na mchwa havingoji. Makala za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui katika gazeti lake la Sahifa, lililoanza Mombasa 1930, zasomwa hadi leo kwa sababu zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, kilichochapwa 1944. Hizo ni makala, si hadithi, lakini kanuni ni ile ile: kilichotiwa kitabuni huishi, kilichobaki gazetini hungojea bahati.

Kwa hivyo, mzee akifariki na kasha lake likafunguliwa, magazeti yaliyomo yasiende jaani kabla hayajasomwa. Huenda ndani mna hadithi ambayo nakala yake nyingine haiko popote.