Aamkie Kwanza



Juma lililopita nilikuwa Mangapwani. Mgeni mmoja wa Kiingereza, aliyekuja kutazama lile shimo la mawe walimofichwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873, alisimama mbele ya bibi aliyekuwa barazani kwake akisuka ukili. Akafungua kijitabu, akasoma kwa sauti: "Lete maji!"

Bibi akampa maji. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, huyu kafundishwa kuamrisha kabla ya kuamkia."

Neno lile lina historia yake. Mwaka 1864 alifika Unguja padri wa Kiingereza, Edward Steere, pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Walimu wake wa Kiswahili walikuwa watu wa mji huu. Aliwasikiliza wakisimulia hadithi, akaziandika, na mwaka 1870 akazichapisha kwa Kiswahili na Kiingereza katika kitabu kiitwacho Swahili Tales. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili cha Unguja. Misheni hiyo ikilea pia watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Nao walikuja na lugha za kwao, wakajifunza Kiswahili hapa hapa. Ila Steere alikuja kwa hiari yake, wao waliletwa kwa nguvu.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, njia ilikuwa imekwisha kulimwa na wasimulizi wale.

Lakini wako Waingereza waliojifunza kwa njia nyingine. Katika mashamba ya walowezi wa Kenya kilizuka Kiswahili kilichoitwa Kisetla: njoo, leta, ondoa, upesi. Mtu aliweza kukaa miaka thelathini na mpishi wake asijue anaitwaje mama yake. Hiyo ni lugha ya amri, na amri haingoji jibu. Hata kule shimoni Mangapwani, lugha ya namna hiyo ilitosha.

Sisi nasi tuna lawama. Mgeni akijaribu "Habari za asubuhi," tunamjibu kwa Kiingereza au Kitaliano. Akitaka neno, tunampa "hakuna matata", ambalo bibi yule halisemi. Yeye husema "hapana taabu". Kisha twashangaa mgeni hajui adabu zetu.

Siku ile nilimfundisha mgeni wangu neno moja tu. Akarudi hatua tatu nyuma, akaita: "Hodi, bibi!" Bibi akaweka ukili chini. "Karibu, mwanangu. Hujambo? Watokako hawajambo?" Hayo hayakuwamo kitabuni. Walikaa hadi adhuhuri, nami sikutafsiri hata nusu ya waliyosemezana.

Tusikilizane juma lijalo, inshallah.