Keja za Mji wa Kale Mombasa: Kwa Nini Ukumbi Ni Mrefu Lakini Mwembamba Hivyo?

Kama umewahi kualikwa shughuli kwenye nyumba ya zamani kule Kibokoni ama Mkanyageni, hii unaijua. Unaingia ukumbini, unaketi, na magoti yako yanakaribia kugusana na ya msee mwenye ameketi ukuta wa pili. Halafu ukicheki kushoto na kulia, chumba kinaenda tu. Kirefu kama behewa la treni. Wengi hudhani ploti ilikuwa ndogo ama mwenye nyumba aliishiwa na ganji. Zii. Jibu liko juu ya kichwa chako.

Inua macho. Zile nguzo nyeusi zimelala kutoka ukuta hadi ukuta ndizo boriti, miti ya mikoko. Wakata mikoko wa Pwani huwa na majina kulingana na unene: fito ndiyo nyembamba, kisha pau, mazio, boriti, halafu nguzo na vigingi. Boriti ni kama sentimita 11 hadi 14, na ziliuzwa kwa korija, yaani 20 kwa mara moja. Ni mti mgumu balaa, lakini kipande kilichonyooka na chenye nguvu ya kubeba dari ni cha mita 3 hivi. Ukirefusha zaidi ya hapo, kinapinda. Kwa hivyo fundi hakuamua upana wa ukumbi. Mkoko ndio uliamua. Angeweza kurefusha chumba apendavyo, akipanga boriti moja baada ya nyingine, lakini upana ulibaki pale pale.

Na dari lenyewe si mchezo. Juu ya boriti unapanga mawe ya matumbawe, halafu unamwaga chokaa na kokoto na kupigapiga mpaka kushikane. Uzito wote huo unakaa kwenye kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita. Ndio maana ndani kuna baridi hata Mombasa ikichemka Februari.

Cheki tofauti na Uingereza. Ukipenda filamu za mabwana wa kale, umeona zile kumbi kubwa unaweza kucheza ball ndani. Mfano mzuri ni Penshurst Place, jimbo la Kent, ukumbi wake ulikamilika 1341. Paa lake la mbao linapanda karibu mita 18, na katikati ya sakafu kuna mahali pa kuwasha moto, moshi ukitokea juu. Bwana aliketi kwenye jukwaa upande mmoja na watumishi wakala humo humo. Wao walikuwa na miti mikubwa ya msituni, na seremala alijua kuunganisha vipande ili paa livuke nafasi pana bila nguzo katikati. Ukumbi wao ulitaka kila mtu amuone bwana kwa mkupuo mmoja.

Ukumbi wa Mswahili ulitaka kinyume chake, na hapa ndipo mambo huwa matamu.

Ukipiga hodi, unasimama kwanza kwenye daka, kibaraza chenye kivuli mlangoni, na viti vya mawe pande mbili. Mgeni wa kawaida anaweza kuishia hapo, apewe kahawa na stori, aende zake bila kuona hata pazia la ndani. Ukivuka mlango, njia inapinda, ili mpita njia asichungulie nyumba ya watu. Halafu unafika kiwandani, ua ulio wazi juu, ndiko mwanga na hewa vinatokea. Vyumba vinafuatana kuanzia hapo, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na upana wa boriti zake. Lamu, ambako nyumba za karne ya 18 zimehifadhika vizuri kuliko Mombasa, wanaviita msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kadiri unavyoingia ndivyo unavyohitaji kuwa mtu wa karibu. Ndani ni kwa mama na watoto, na hapo ndipo bi harusi alioneshwa akiwa amepambwa.

Nyuma ya bi harusi ndio kulikuwa na zidaka, zile safu za vishubaka vya plasta iliyochongwa vinavyojaza ukuta mzima. Humo waliweka sahani za Kichina, misahafu na vitu vya thamani. Macho yanaingia ndani ya ukuta, na chumba cha mita 3 kinaonekana kina kina. Kwangu mimi, hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote kwenye hizi keja.

Je, mkubwa akitaka kukutana na umati? Anaondoa dari. Pale Husuni Kubwa, Kilwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, kuna ua wa mapokezi wenye ngazi za kuketi, juu mbingu tupu. Hakuna boriti, hakuna kikomo cha upana. Hapa Mombasa, ndani ya Fort Jesus, kuna chumba cha baraza cha enzi ya Wamazrui, waliotawala mji mpaka 1837, chenye viti vya mawe na maandishi ya Kiarabu.

Sasa usidanganyike, nyumba nyingi unazoona Mji wa Kale leo ni za karne ya 19 na baadaye. Roshani za mbao zenye nakshi zina mkono wa mafundi wa Kihindi, na mabati yamechukua nafasi ya mapaa bapa ya chokaa. Lakini ingia ndani uhesabu hatua. Upana ni ule ule. Hata Kuwait na Bahrain, boriti hizi zilisafirishwa kwa majahazi, na vyumba vya kale kule ni vyembamba vile vile. Mkoko wa Lamu ulipima sebule za Waarabu! Biashara ya kuuza nje ilipigwa marufuku na serikali mwaka 1982.

Shida ya siku hizi iko kwenye bafu la juu. Maji yakivuja miaka na miaka, ncha ya boriti iliyozama ukutani inaoza, mchwa wanamalizia. Familia inaita fundi, fundi anasema ng'oa zote, tumwage zege, na tukibomoa ukuta wa kati mtapata sebule ya kisasa ya kutosha kochi la umbo la L. Siwalaumu, nani hapendi nafasi? Ila zege ni zito kwa kuta za matumbawe, na plasta ya saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta hadi inabanduka vipande vipande. Fundi wa chokaa hubadilisha boriti iliyooza peke yake, akiegemeza dari kwa magogo huku wenyewe wakiendelea kupika pilau chumba cha pili.